Shanty Town au Njiro: Ungejenga Wapi?

Mtoto akisoma hadi akapata kazi nzuri, haupiti muda mrefu kabla hajaanza kuzungumzia kiwanja. Kwa sisi wa Same na Mwanga, mazungumzo hayo aghalabu huishia kwenye miji miwili: Moshi au Arusha. Wapo wanaokwenda Dar es Salaam, na siku hizi Dodoma nayo imewavuta wengi, lakini miji tunayoiita ya karibu ni hiyo miwili. Kutoka Same hadi Moshi ni kama kilomita 100. Ongeza 80 umefika Arusha.

Mama anayenunua perege na kambale Nyumba ya Mungu na kwenda kuwauza huijua miji hiyo kwa masoko yake. Anajua wapi pa kushushia tenga na mteja gani hakopesheki. Asiyoijua vizuri ni ile mitaa iliyo mbali na soko, yenye miti mikubwa na mageti ya chuma, ambako mwanawe anataka kujenga amchukue akakae naye, au ambako binti yake anafanya kazi za ndani.

Mpenzi msomaji, mitaa hiyo inaitwa ya kifahari, na watu huisifu kwa ghorofa na magari. Hapa tutaitazama kwa macho ya mama mwenye nyumba. Maji yake yakoje? Watoto watasoma wapi? Jirani ni nani? Na ile karatasi inayosema nyumba ni ya fulani imeandikwa jina la nani?

MJI WENYE KIVULI NA MJI UNAOHAMA

Moshi ya kwanza haikuwa pale ilipo leo. Ilikuwa juu mlimani, mahali panapoitwa hadi sasa Old Moshi, na mji ulishuka chini reli ya kutoka Tanga ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1910. Ni reli hiyo hiyo inayopita Same. Wakoloni waliupanga mji huo kama walivyopanga mingine: Wazungu upande wa juu wenye hewa nzuri, Wahindi katikati penye maduka, na Waafrika upande wa chini. Ule upande wa juu ndio tunaouita Shanty Town.

Jina hilo huwachekesha wanaojua Kiingereza, kwa maana tafsiri yake ni mtaa wa vibanda. Ukifika pale utakitafuta kibanda usikione. Utaona barabara zenye kivuli cha mijakaranda, ambayo kuelekea mwisho wa mwaka humwaga maua ya zambarau njia nzima. Utaona nyumba za zamani za chini, zenye baraza pana, kila moja katikati ya bustani yake. Asubuhi mawingu yakiachia, Kibo chote kiko mbele yako. Uwanja wa gofu uko jirani, na hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, haiko mbali.

Arusha nayo ilianza na boma la Wajerumani lililokamilika mwaka 1900, na Uzunguni yake ikakaa karibu na mto Themi. Lakini Uzunguni ya Arusha leo si mahali ambapo familia nyingi zinalea watoto. Nyumba nyingi za zamani zimegeuka ofisi, hoteli na migahawa. Wenye uwezo wamesogea pembeni: Njiro upande wa kusini mashariki, Sakina na Ilboru upande wa pili, kisha Moshono, Olasiti na Kisongo. Wengine wametoka nje ya jiji kabisa wakajenga Tengeru na Usa River, kwenye barabara ya kuja Moshi. Huko Usa River kuna hata makazi yaliyojengwa kuzunguka uwanja wa gofu, ambapo pundamilia hukatiza mbele ya wacheza gofu.

Basi tofauti ya kwanza ni hiyo. Ufahari wa Moshi umekaa mahali pamoja tangu enzi za mkoloni. Wa Arusha unahama kila baada ya miaka kumi, na barabara ya lami huufuata nyuma ukitweta.

Sababu si kwamba watu wa Moshi wanapenda ukale. Mji wao hauna pa kwenda. Manispaa nzima ni kama kilomita za mraba 59. Juu yake kuna vihamba vya Wachaga, ambavyo ni ardhi ya ukoo na mgeni hauziwi kirahisi hata akija na gunia la fedha. Chini yake kuna mpunga wa Mabogini na miwa ya TPC. Katika sensa ya mwaka 2012 manispaa hiyo ilikuwa na watu 184,292. Mwaka 2022 walikuwa kama 221,000. Jiji la Arusha katika miaka hiyo hiyo kumi lilitoka watu 416,442 hadi zaidi ya 617,000. Yaani Arusha iliongeza karibu Moshi nzima ndani ya miaka kumi.

Na tusisahau kwamba matajiri wengi wa Moshi hawaishi Moshi. Nyumba zao nzuri ziko Machame, Kibosho na Marangu, na zimefungwa miezi kumi na moja. Desemba zinafunguliwa, mji unajaa magari kutoka Dar es Salaam, bei ya mbuzi inapanda, na Januari kimya kinarudi. Wachaga ni watani zetu, kwa hiyo nina ruhusa ya kulisema hili. Ila nasi tuna nyumba za namna hiyo Usangi na Ugweno, tena nyingine zina mlinzi anayelipwa mwaka mzima kulinda viti vya sebuleni.

KAZI IKO WAPI?

Moshi ilijengwa na kahawa. Chama cha ushirika cha KNCU kilianza mwaka 1933, na kwa muda mrefu mtoto wa Mchaga alisomeshwa kwa kahawa kama mtoto wa huku kwetu alivyosomeshwa kwa mbuzi na katani. Kahawa iliposhuka bei, mji ulibaki na shule zake, vyuo vyake, hospitali yake na wapanda mlima. Ni mji mzuri wa kusoma, kuugua na kustaafu. Kijana anayetafuta mshahara mkubwa ataupenda, lakini atauacha.

Arusha ina bahati nyingine. Jengo la mikutano la AICC lilifunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Wengi walidhani jengo litabaki la popo. Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa ukaichagua Arusha kuwa makao ya mahakama ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, nayo ikakaa pale hadi mwisho wa mwaka 2015. Mkataba wa Jumuiya mpya ukatiwa saini mwaka 1999. Mwaka 2007 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ikahamia hapo. Ongeza watalii wa Serengeti na Ngorongoro, na fedha za tanzanite ya Mirerani, iliyo katika wilaya ya Simanjiro inayopakana na bwawa letu. Majaji, makarani, madereva na wafanyabiashara hao wote walihitaji mahali pa kulala, na Njiro ikakua.

Lakini fedha za wageni huondoka na wageni. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 uliposimamisha ndege duniani, familia nyingi za Arusha zilizotegemea utalii zilikaa miezi bila kipato, na aliyejenga kwa mkopo wa benki alilala macho wazi. Mama, mwanao akikuambia anajenga Njiro, muulize swali moja tu: kazi ikisimama miezi sita, nyumba italipwa na nani?

MENO YA WATOTO

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mimi nadhani lingetakiwa kuwa la kwanza katika kuchagua kiwanja, lakini madalali hawalitaji kabisa.

Watu wa Arusha hutaniwa kwa meno yao ya rangi ya kahawia. Si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Ni madini ya floraidi yaliyo kwenye maji. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake hubeba madini hayo kwa wingi. Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, huyaharibu, na ikizidi sana kwa miaka mingi hukaza viungo na kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi 4, kwa sababu maji yaliyo chini ya hapo hayakutosha. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 1.5.

Akina mama, sikilizeni hapa. Meno ya utu uzima hutengenezwa ndani ya ufizi mtoto angali mdogo, tangu anapozaliwa hadi kama miaka minane. Madoa hupatikana katika miaka hiyo. Mtu mzima anayehamia Arusha meno yake yameshakamaa, hayatabadilika rangi kwa maji. Anayebeba alama maisha yote ni yule mtoto aliyenyweshwa maji hayo kabla hajaanza darasa la tatu, naye hakuulizwa wapi pajengwe.

Na geti haliyazuii maji hayo. Hapa ndipo utajiri unapoweza hata kumdhuru mwenye nao. Maskini wa mjini hunywa maji ya bomba la mamlaka, ambayo hupimwa na kuchanganywa. Tajiri, akichoshwa na mgao, huchimba kisima chake mwenyewe, akaweka pampu na tenki refu, na dalali akiuza nyumba hiyo hutamba kwamba ina maji yake. Yana floraidi kiasi gani? Ukiyatazama ni meupe, ukiyaonja ni matamu. Visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana sana, na kuchimba kwa kina zaidi si dawa. Pale Usa River, ambako viwanja vina nafasi kuliko vyote, jirani yake ni Maji ya Chai, eneo linalojulikana tangu zamani kwa floraidi, na kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi kiko hapo hapo Ngurdoto.

Mambo matatu mama anaweza kuyafanya, na hayahitaji shahada. Kwanza, asidhani kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe inabaki pale pale, kwa hiyo huzidi. Pili, ayapeleke maji kwenye maabara ya maji kabla ya kununua nyumba, kama anavyompeleka mtoto kupimwa. Wataalamu wa Ngurdoto wamekuwa wakitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchujia, nao hufanya kazi, mradi ubadilishwe unapochoka. Tatu, avune maji ya mvua kwa kunywa na kupikia tu. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, floraidi yake ni ndogo sana, na bati la nyumba ya Njiro ni pana. Babu zetu wa milimani walichimba ndiva kukinga maji ya kumwagilia mashamba, na kazi hiyo ilifanywa kwa jembe la mkono. Mwenye bati na gata anashindwaje?

Kuna na la nne, nalo linatuhusu sisi tulao makande. Magadi tunayotia ili mahindi na maharage yaive upesi yana floraidi nyingi. Watafiti wa meno wameona uhusiano huo huku huku Kaskazini. Kwa hiyo hata mama aliye Moshi au Same, mwenye maji mazuri, anaweza kuyaharibu meno ya mwanawe jikoni kwa kijiko cha magadi. Loweka mahindi na maharage tangu jioni. Kuni zitapungua pia, na sisi tunaosemwa kwa ubahili tutakuwa tumepata faida mara mbili.

Na Moshi je? Mji huo hunywa maji ya chemchemi za Kilimanjaro, kama Nsere na Shiri, na kwa miaka mingi maji yake yamesifiwa kuwa kati ya yaliyo bora nchini. Mama wa Shanty Town na mama wa Pasua wanafungua maji yale yale. Hicho ni kitu ambacho nyumba ya thamani kubwa kuliko zote Njiro inaweza kukikosa. Ni kweli kwamba jiji la Arusha limefanya kazi: mradi wake mkubwa wa maji, wa shilingi bilioni 520, uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeleta maji kutoka visima vipya nje ya jiji. Aliye kwenye bomba hilo ana nafuu. Lakini mitaa mipya ya pembeni ndiyo inayotangulia kujengwa, na bomba hufuata.

Sisi wa huku hatuwezi kuliacha jambo hili kama la wenye nacho wa mijini. Mto Themi unaopita Arusha unamwaga maji yake Kikuletwa. Mto Karanga unaopita kando ya Moshi unaingia Weruweru, nao Weruweru unaingia Kikuletwa. Na Kikuletwa, kama kila mvuvi ajuavyo, inaingia Nyumba ya Mungu, ambapo hukutana na Ruvu. Bwawa hilo lilianza kujaa mwishoni mwa mwaka 1965 kwa ajili ya umeme na kilimo, likatupa samaki, na sasa linatupa maji ya kunywa: mradi wa Same, Mwanga na Korogwe, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Machi 2025, unachota hapo, ukayasafisha na kuyapandisha hadi mabombani. Kinachomwagwa kwenye mfereji wa Njiro, iwe ni mafuta ya gari au maji ya shimo la choo lililofurika, kinashuka kuelekea kwetu. Nyumba za kifahari nyingi, za Arusha kuliko za Moshi kwa kuwa ndizo nyingi, hujengwa mahali ambapo bomba la maji taka halijafika. Anayejenga huko ana wajibu wa kuchimba shimo zuri kabla hajanunua vigae vya sebuleni.

NANI JIRANI YAKO?

Shanty Town ina ua za michongoma na maua. Njiro ina kuta, na juu ya kuta nyaya za umeme. Nisieleweke vibaya: Shanty Town pia siku hizi ina kuta, na Njiro ina majirani wema. Lakini mji mdogo una faida yake. Moshi mtu hutembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi kanisani, hospitalini au sokoni, na njiani anasalimiwa na watu watano. Moshi pia imesifiwa mara nyingi kwa usafi wake, na mtu akitupa ganda la ndizi barabarani hutazamwa.

Njiro, mama aliyeletwa kutoka kijijini anaweza kukaa wiki nzima asimwone mtu zaidi ya mlinzi, msichana wa kazi na televisheni. Mtoto anaondoka alfajiri kwenda kazini, mkwe anaondoka, wajukuu wanachukuliwa na basi la shule kabla jua halijachomoza vizuri kwa kuwa shule iko upande wa pili wa jiji. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru na ile ya mchepuko yenye kilomita 42 zimesaidia sana, lakini magari nayo yameongezeka. Mama aliyezoea kulima, kwenda kisimani na kukaa na wenzake kikundini, anaambiwa apumzike. Anapumzika miezi mitatu, halafu anaanza kuumwa magoti, na mwezi wa nne anaomba nauli ya kurudi Vudee. Mwanawe anahuzunika, hajui alikosea nini, maana alimpa chumba chenye choo ndani.

Kama unamleta mama mjini, mpe kipande cha ardhi hata kama ni hatua tano kwa tano apande mchicha, na umpeleke mwenyewe siku ya kwanza kwenye jumuiya au kikundi cha akina mama cha mtaa. Hilo linawezekana Njiro na Moshi pia. Moshi ni rahisi zaidi, kwa kuwa ndugu wa Same na Mwanga wanafika na kurudi siku hiyo hiyo.

Kwa shule, miji hii imekaribiana kuliko watu wanavyodhani. Shule ya kimataifa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1969, ambayo tangu mwaka 2019 inaitwa UWC East Africa, ina kampasi Moshi na nyingine Arusha. Ada yake ya mwaka inazidi mshahara wa mwaka wa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo wengi wetu tutaishia kuitazama kwa nje. Mkoa wa Kilimanjaro una shule nyingi za makanisa za ada ya wastani, na wazazi wengi wa Arusha huwaleta watoto wao kulala huko. Hata wagonjwa wanaohitaji rufaa kubwa kutoka Arusha huja KCMC.

Na kuna jirani mmoja ambaye hahesabiwi, naye analala ndani ya nyumba hizo. Ni binti wa milima ya Pare aliyechukuliwa akamalizie kukua katika jiko la mtu mwingine. Nyumba ya kifahari haisimami bila yeye. Mzazi anayemtoa binti yake aombe mambo matatu yaandikwe kabla hajapanda basi: mshahara, siku ya kupumzika, na namba ya simu ya mama mwenye nyumba. Kisha afike mwenyewe akaone anapolala. Wenye nyumba waungwana hawakasiriki wakiulizwa. Anayekasirika, mrudishe binti siku hiyo hiyo.

KARATASI INA JINA LA NANI?

Tunasemwa sisi Wapare kwamba tuko tayari kuuza mbuzi kumi tufuate kesi ya kuku mmoja. Sawa. Basi huo uhodari tuutumie mapema, wakati wa kununua, tusingoje mahakamani.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, nasi tunapewa haki ya kuimiliki kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Mitaa ya zamani kama Shanty Town ina viwanja vilivyopimwa na hati zinazoeleweka, ila hati ya zamani inaweza kuwa imebakiza miaka michache. Ukionyeshwa hati nzuri yenye muhuri, soma tarehe. Mitaa mipya ya Arusha ina tatizo jingine. Maeneo kama Olasiti na Moshono juzijuzi tu yalikuwa mashamba, na viwanja vingi vimeuzwa kwa karatasi ya makubaliano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Shamba moja huuzwa na kaka, halafu dada zake wanajitokeza ukuta ukiwa umefika kwenye linta. Kabla ya kulipa, fanya upekuzi ofisi ya ardhi, uliza familia nzima ya muuzaji, na uwaite majirani wa pande zote nne waonyeshe mpaka.

Halafu lile linalotuhusu sisi wanawake. Mume na mke wanajenga pamoja, mke anapika kwa mafundi, anasimamia saruji isiibiwe, anauza samaki kupata fedha za bati, na hati inatoka na jina moja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu hiyo imewasaidia wanawake wengi, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe awali zilitosha kuwa fungu lake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeliongezea nguvu jambo hilo kwa mikopo ya benki. Lakini mjane anayetafuta ushahidi baada ya msiba, mashemeji wakiwa wamekaa sebuleni, hana nafasi ya mke aliyekuwa kwenye hati tangu mwanzo. Hati ya majina mawili inawezekana, Shanty Town na Njiro.

Kwa hiyo ungejenga wapi? Mimi, kama watoto wangekuwa chini ya miaka minane na mume ana kazi inayoruhusu, ningechagua Moshi, hata kama nyumba ingekuwa Soweto au Rau na si Shanty Town yenyewe, ambako viwanja hupatikana kwa nadra. Kama mshahara uko Arusha, ningepanga kwanza mwaka mmoja Njiro au Sakina nione maji, foleni na majirani, ndipo ninunue. Usa River nisingenunua bila cheti cha maabara mkononi. Na siku ya kwenda ofisi ya ardhi, baba abebe kitambulisho chake cha taifa, mama naye abebe cha kwake, na picha ndogo za pasipoti za wote wawili.